Vibati vya Ndyamukama

Ndyamukama wa Ihembe sikumpenda akiwa hai, na kufa kwake hakujanibadilisha. Alikuwa na basi moja bovu la kutoka Kayanga kwenda Bukoba, na kwa sababu ya basi hilo alitembea kifua mbele kana kwamba barabara ameilima yeye.

Mwaka 1988 likaja basi la pili kwenye njia ile, jipya, na abiria wakaanza kumkimbia. Ndipo akabuni vibati. Alikata makopo ya mafuta ya kula vipande vidogo, akavigonga alama ya nyota, na kila aliyelipa nauli alipewa kimoja. Ukifikisha kumi, unasafiri bure. Watu wakamrudia mbio.

Bibi Adija, aliyekuwa akimuuzia dizeli, alimwambia waziwazi dukani kwake, nami nikisikia: "Mzee, katika kila nauli unayopokea kuna sehemu ni ya ile safari ya bure, na bado hujampeleka mtu. Hiyo usiile. Nunua dizeli uiweke."

Ndyamukama akacheka. "Kiti kitupu kinakwenda Bukoba hivyohivyo. Nikimkalisha mtu bure napungukiwa nini? Tena nusu yao watavipoteza."

Ilikuwa hesabu ya mjinga, au ya mwizi, sijaamua mpaka leo. Ingefaa tu kama watu wangekuja mmojammoja, siku ambazo viti viko wazi. Nauli zote alizimalizia kwenye nyumba ya matofali na kwenye pombe ya rubisi.

Mtu wa Ihembe alipaswa kujua kwamba ipo siku tungekuja wote pamoja. Kwetu mtu akifa, kila nyumba inapeleka msibani ilichonacho: ndizi, maharage, kuni. Hategekimana, jirani yangu wa Chonyonyo, alifia hospitalini Bukoba kabla ya malipo ya kahawa, na hakuna aliyekuwa na shilingi. Kwa hiyo watu wakaleta vibati. Vilijaa ungo.

Mukabera, mjane wake, alitaka jambo moja tu: mumewe azikwe kwenye kibanja chao, kati ya migomba aliyoipanda mwenyewe. Wazazi wa Hategekimana walikimbia kutoka Rwanda, na ukoo wao haukuwa na kaburi hata moja huku. Mama huyo alitaka hili liwe la kwanza. Hospitali nayo ilisema maiti isiyochukuliwa mpaka Jumamosi asubuhi itazikwa na mji.

Ijumaa alfajiri tulipanda basi kabla ya abiria wengine, tukajaza viti vyote. Mukabera akampa Ndyamukama ule ungo.

"Shikamoo mzee. Hivi ni vya kwenda, na vya kurudi naye."

Alivipekua asiamini macho yake. Akasema vibati ni kwa viti vinavyobaki. Tukamuuliza alisema hivyo lini. Akasema kila mtu atumie vyake. Tukamuuliza hilo nalo alilisema lini. Ndipo Gaspari, dereva wake, akasema bila kumtazama kwamba dizeli iliyomo haifiki hata Kyaka. Siku zote walijaza tangi kwa nauli za asubuhi ileile, na asubuhi hiyo hapakuwa na nauli. Za kwetu Ndyamukama alikwisha kuzila zamani. Akakimbilia kwa Bibi Adija, naye akamkumbusha deni la mwezi uliopita na kufunga dirisha.

Basi jipya likatupita, limejaa abiria waliokosa nafasi kwetu. Tulikaa ndani ya lile bovu mpaka jua likageuka. Jioni tuliweza kuchanga nauli ya mtu mmoja tu, Telesfori, mdogo wake marehemu. Alifika Bukoba Jumamosi mchana, akakuta udongo mbichi.

Baada ya juma moja Ndyamukama alikuja msibani amevaa koti, uso ameukunja kwa huzuni. Hasira ilinipanda, nikatamani kumtoa kwa fimbo.

"Waitu, ndugu zangu, poleni sana," akasema. "Nionyesheni kaburi nami nitupe udongo."

Mukabera alikuwa anamenya ndizi. Hakusimama.

"Liko Bukoba, mzee," akasema. "Nenda na basi lako."