Simu Arobaini na Punda Mmoja

Siku ya soko pale Nuu, ukiingia kibandani kwa Syokau utakuta simu zaidi ya arobaini zimelala mezani, kila moja imebandikwa kipande cha tepu chenye jina la mwenyewe. Nyingi ni kabambe, zile simu ndogo zinazoanguka, zikaokotwa, zikaendelea kuongea. Juu ya mabati kuna paneli mbili za sola, chini ya meza betri ya lori, na katikati nyaya zilizosokotana hata hakuna anayejua upi unatoka wapi isipokuwa yeye. Watu huacha simu asubuhi wakielekea kwenye shughuli zao, na huzifuata jioni zikiwa zimejaa chaji.

Kazi hiyo ameifanya miaka kumi na miwili, tangu mumewe alipofariki, na si kazi ya kumchosha mtu. Kilichomchosha Syokau ni kazi nyingine, ambayo hakuna aliyempa.

Ilianza serikali ilipoanza kutuma ujumbe wa tahadhari. Ujumbe huo hauji kwa mtu mmoja. Simu ya kwanza hulia, ya pili ikadakia, kisha meza nzima ikaanza kutetemeka na kupiga kelele kama vyura usiku wa mvua. Maneno yenyewe huwa machache: mvua kubwa inatarajiwa katika kaunti, mafuriko ya ghafla yanaweza kutokea, wananchi wajiepushe na mito na mabonde. Aliyeyaandika bila shaka alinyanyuka kitini akijua amewaonya watu wa Nuu. Hakujua kwamba watu wa Nuu wako mtoni, na simu zao ziko kwa Syokau.

Na mto wenyewe usikudanganye. Karibu mwaka mzima ni mchanga mtupu, mpana kuliko uwanja wa mpira, mweupe hadi macho yanauma. Maji yako chini. Mtu huchimba shimo hadi limfike mabegani, akangoja maji yachuruzike, akayateka kwa kikombe, kidogo kidogo, hadi mtungi ujae. Kina sheria yake kisima cha mchanga, na sheria hiyo haijaandikwa popote: shimo ni lako maadamu uko ndani yake au punda wako yuko karibu nalo. Ukipanda ukingo na punda wako, umeshaaga. Aliye nyuma yako atashuka bila hata kukuomba, na wewe ukirudi utaanza kuchimba upya.

Ubaya ni kwamba mto huo hauleti maji ya mvua ya Nuu. Huleta maji ya mvua iliyonyesha mbali, huko juu milimani, na huyaleta jua likiwa linawaka hapa na mbingu haina hata wingu la kumfunika kifaranga.

Mara ya kwanza meza ilipolia, mwezi wa nne, Syokau alifunga kibanda akaenda mtoni mbio. Mbio ni namna ya kusema. Ni mwendo wa dakika arobaini kwa mtu mwenye magoti mazima, na lake la kulia liliharibika zamani. Kule bondeni hakuna mtandao, na siku ya soko kupata pikipiki ya kukushusha huko ni bahati. Alifika akihema, akapaza sauti kwamba maji yanakuja. Wengi walimtazama tu. Aliyemwamini alikuwa mmoja, Kaluki, wifi yake, dada ya marehemu mumewe. Kaluki alitoka katika shimo alilolichimba tangu alfajiri, akamfungua punda wake, akapanda ukingo.

Maji hayakuja. Shimo la Kaluki likachukuliwa kabla jasho lake halijakauka. Alirudi nyumbani na mitungi inayogongana mitupu, na siku hiyo alikuwa na wageni, akina mama wa kanisa, waliokaa wakaimba, wakaomba, wakaondoka bila chai. Kwa mwanamke wa Ukambani hiyo si aibu ndogo. Kesho yake Kaluki alikuja kibandani, akaichukua simu yake bila kusalimu, akaipeleka kwa Mulwa, anayechaji simu ng'ambo ya soko. Tangu siku hiyo wakikutana njiani, mmoja hutazama mbuzi.

Mara ya pili maji hayakuja. Mara ya tatu pia. Ujumbe haukudanganya, ulikuwa mpana tu. Kaunti ni kubwa, na mvua iliyotangazwa ilinyesha kweli, ila iliangukia kwa wengine na kujaza mito ya wengine. Lakini nani angeeleza hayo kwa watu walio shimoni? Walianza kumwita Mama Tahadhari. Wengine walikumbuka kwamba alizaliwa Mbumbuni, wakasema watu wa Makueni wanaogopa maji kwa sababu kwao yako mengi. Miaka thelathini ameolewa Nuu, na bado Mbumbuni humfuata kama kivuli. Alipomwendea mzee wa kijiji amsaidie kupeleka habari, mzee alimuuliza kwa upole, "Si message imefika kwa kila simu? Basi watu wameshajulishwa."

Hapo ndipo Syokau alipochoka kabisa. Aliapa kwamba meza ikilia tena, atazima sauti za simu zote na kuketi. Mjumbe hauawi, wanasema wahenga. Walisahau kusema kwamba huchekwa hadi atamani afadhali wangemuua.

Meza ililia mara ya nne siku ya soko, mwezi wa kumi na moja, saa nne asubuhi. Syokau alikuwa amejimiminia chai. Alisoma ujumbe kwenye simu iliyokuwa karibu, akaangalia nje. Jua kali, mbingu safi. Akaketi. Alijiambia kwamba yeye si serikali, wala si Nuhu, na kwamba goti lake halikutajwa popote katika ujumbe ule. Alikunywa chai hadi nusu.

Kisha macho yake yakaanguka pembeni mwa meza, mahali ilipokuwa ikilala simu ya Kaluki. Kipande cha tepu chenye jina lake, kilichobanduka simu ilipochukuliwa, kilikuwa bado kimeganda kwenye mbao, Syokau hajawahi kukiondoa. Mulwa hakuwa mtu wa kusoma ujumbe wa watu. Na Kaluki, siku kama hii, alikuwa shimoni. Sikio la kufa halisikii dawa, alijiambia Syokau, lakini hakuna anayesema mwenye dawa akae nayo nyumbani. Alifunika kikombe kwa sahani, akafunga mlango.

Alifika mtoni hana pumzi ya kusema neno. Watu kumi na wawili hivi walikuwa wamezama mashimoni, unaona vichwa na kofia tu. Wa kwanza kumwona alikuwa Nzau, mzee mwenye ulimi mrefu, ambaye punda wake alikuwa amefungwa kwenye mzizi katikati ya mchanga.

"Karibu Mama Tahadhari," alisema Nzau. "Leo serikali imesema nini? Tuogelee ama tungoje boti?"

Watu wakacheka. Hata waliochoka walicheka, maana kicheko cha bure hakikataliwi.

"Maji inakuja," alisema Syokau.

"Mara tatu umesema hivyo. Hata mbuzi ingekuwa imekumbuka."

Syokau alimtazama Kaluki. Kaluki aliendelea kuteka, kikombe kwa kikombe, mgongo ameugeuza. Syokau alitafuta la kusema, akakuta maneno yote ameshayatumia mara tatu. Akataka kulia, na hata kulia akaona ni kazi.

Alimwendea punda wa Kaluki, akafungua kamba, akaanza kumvuta kuelekea ukingoni.

Punda alifuata bila ubishi, mitungi mitupu ikigongana mgongoni. Kaluki aliposikia mlio wa mitungi yake ukisogea, aliinua kichwa. Alitoka shimoni kwa kasi ambayo hakuwa ameitumia tangu ujana wake.

"Mama Kiema, rudisha punda."

Syokau hakugeuka, hata alipoitwa kwa jina la mwanawe.

"Rudisha punda, nimesema. Mchana wote huu unaiba mali ya watu?"

Mtu unaweza kumwambia maji yanakuja asiamke. Mwambie wifi wawili wanagombana ukingoni, uone. Vichwa vilitoka mashimoni kimoja kimoja. Akina mama waliwafungua punda wao haraka, maana ugomvi huo ungeweza kufika hadi nyumbani na hakuna aliyetaka kuukosa. Walipanda ukingo wote, wengine wakimshangilia Kaluki, wengine wakimwonea Syokau huruma. Kaluki alimfikia juu kabisa, chini ya mgunga, akashika kamba. Walivutana. Punda alisimama katikati akiwatazama kwa zamu.

Chini alibaki Nzau. Shimo la Kaluki lilikuwa limeachwa na lina maji mazuri, na sheria ni sheria. Alishuka humo na mtungi wake.

Sauti ilikuja kwanza, kama lori lenye mzigo linalopanda mlima. Kaluki aliachia kamba. Kwenye kona ya juu ya mto ulitokea ukuta wa maji ya rangi ya kahawia, umebeba magogo na povu. Watu walipiga ukelele wa pamoja, "Nzau!" Mzee alitoka shimoni kwa magoti na viwiko, akapanda ukingo bila kofia na bila kiatu kimoja. Punda wake alikuwa bado amefungwa kwenye mzizi. Punda alivuta kamba mara mbili, kisha maji yakampitia, na hawakumwona tena.

Hakuna aliyemshukuru Syokau siku hiyo. Watu waliogopa, na mtu aliyeogopa hurudi nyumbani kimya. Kaluki alimwongoza punda wake, na Syokau alitembea nyuma yao, kwa sababu njia ilikuwa moja. Kesho yake asubuhi Kaluki aliingia kibandani, akaiweka simu yake pale pembeni, juu ya ile tepu, akatoka. Syokau aliichomeka chaja, akafuta machozi kwa ncha ya leso.

Nzau alikuja baada ya wiki moja. Alikuwa amebeba mtungi wa maji mgongoni, mkanda wa ngozi umemkaza kipajini, kama wanawake wanavyobeba. Watu wa sokoni walimtazama, kisha wakatazama pembeni. Aliutua mtungi mlangoni.

"Punda ya Kaluki uliiba," alisema. "Yangu ukaiacha."

"Wewe ulikuwa unanicheka, mzee."

"Na nikicheka, punda yangu ndio haiibiwi?"

Syokau alidhani ni utani, akageuka ili acheke naye. Macho ya mzee yalikuwa mekundu. Alikuwa anauliza kweli, na alitaka jibu. Syokau alijua kwamba tangu sasa hakuna atakayemcheka tena, na kwamba hilo lingekuwa zito kuliko kuchekwa. Atakwenda mtoni kila meza itakapolia, goti likitaka lisitake, na kila kitakachopotea kitaulizwa kwake.

Nzau alitoa simu yake mfukoni, Syokau akaipokea, akaibandika tepu.

"Ukipata punda mwingine," alisema, "unionyeshe mahali unamfunga."

Nzau aliitikia kwa kichwa. Akainama, akavuta mkanda kipajini, na Syokau akatoka nyuma ya meza kumsaidia kuinua mtungi.