Papa na Utabiri Wake Pale Lac Vert

Turubai likipigwa na jua la kiangazi hutoa harufu nzito ya plastiki, inayokaa kooni hata ukinywa maji. Hiyo ndiyo harufu ya mwaka niliotimiza miaka kumi, mwaka ambao vita vilitutoa nyumbani na kututupa kambini karibu na ziwa la Lac Vert, magharibi ya Goma. Vibanda vyetu vilikuwa vya matawi na nyasi kavu, turubai juu, vimebanana kiasi kwamba jirani akikohoa wewe unashtuka. Ardhi yenyewe ni mawe matupu ya volkano. Kigingi hakiingii, kwa hiyo tulikandamiza turubai kwa mawe.

Papa, baba yangu, alikuwa mfanyabiashara wa samaki wakavu kutoka kijiji cha wavuvi cha Vitshumbi. Mvua moja iliweza kumwozeshea mzigo mzima, ndiyo maana alikuwa mgonjwa wa utabiri wa hali ya hewa. Biashara ilikufa, ugonjwa ukabaki. Kila asubuhi alibana redio sikioni, kisha akawatangazia majirani habari za nchi nzima: mvua kubwa Matadi, joto kali Kinshasa, hatari ya moto wa nyika Katanga. Goma mara nyingi ilisahauliwa. "Papa Masika," jirani mmoja alimtania, "mvula ya Matadi itatulowanisha sisi huku?" Watu walicheka, na kwa kuwa walimwita kwa jina langu mimi, binti yake, niliona aibu kuitwa Masika. Basi akaanza kutabiri ya kwetu yeye mwenyewe, kwa kutazama moshi wa volkano ya Nyiragongo unaelekea wapi.

Asubuhi moja aliutazama moshi ule kwa muda mrefu, kisha akapita mlango kwa mlango: mchana utakuja upepo mkali, kila mtu azime moto kabla ya saa sita. Mama alikuwa amebandika maharagwe, ya kwanza baada ya siku tatu, kwa ajili ya mdogo wangu Kambale, aliyekuwa ametoka kuugua, amebaki mifupa mitupu. "Batoto balale njala juu ya mupepo yenye haiko?" alimuuliza. Papa alichukua kopo la maji. Alimwaga maji kwenye mbabula, jiko letu la makaa, mbele ya watu wote. Majirani wakafuata. Tulitafuna maharagwe mabichi, na upepo haukuja. Hata jani halikutikisika. Mama alimnyamazia kabisa, na mimi, nakiri, siku ile nilimchukia.

Kesho yake alirudi kwenye milango ileile. "Jana nilikosa," alisema, sauti imemkauka. "Lakini leo naomba tena. Muzime moto." Walimgeuzia mgongo. Ndipo nikamwona Mama, uso ameukunja, akiipua sufuria na kumwaga maji juu ya makaa kwa mkono wake. Wengine walipoona aliyekasirika kuliko wote amezima, nao wakazima, huku wakinung'unika.

Saa nane upepo ulishuka. Mimi na wazazi wangu tulikuwa kwenye foleni ya maji, Kambale amelala kibandani. Tulikimbia huku turubai zikipasuka na matawi yakiruka. Tulikuta mbabula imepinduka mlangoni, imemwaga kila kitu hadi kwenye nyasi alizolalia mtoto. Yalikuwa majivu yaliyolowa, ya baridi. Mama aliyachota kiganjani, akayatazama, kisha akamwambia Papa neno la kwanza tangu jana: "Na kesho moshi unasema nini?"

Leo ninaishi mtaa wa Majengo, nyumba ya mbao na bati, na simu inanipa hali ya hewa ya Goma saa kwa saa hata bila kuiomba. Ni kitu kizuri, sikidharau. Vita havijatuacha na kambi bado zipo, ila Papa ametutangulia. Namshukuru kwamba alikubali kubisha hodi tena pale alipokosea jana yake. Simu yangu haiendi kwa jirani. Namshukuru na Mama, aliyemwaga maji yale akiwa bado na hasira. Kambale ni dereva wa malori sasa, ana watoto wanne wenye kelele zisizoisha. Wakijaa kwangu Jumapili, siwezi kumwambia hata mmoja wao anyamaze.