Mkunjo wa Mwisho

Shuleni walimwita Mshale, na jina hilo hakupewa kwa kuonewa huruma. Akiachiwa kwenye mstari, wenzake waliona visigino vyake tu na vumbi. Siku hizi ni mama wa mtoto mmoja, kiuno kimepanuka, goti la kulia linalalamika akipanda ngazi, na mtu akimwita Mshale barabarani huenda asigeuke, akidhani anaitwa mwingine.

Kazi yake ni kujalidi vitabu. Karakana ni chumba kirefu chenye meza mbili, dirisha moja na harufu ya gundi ambayo haitoki nguoni hata ufue kwa hasira. Vitabu vya maktaba vikichakaa huletwa hapo hoi bin taabani: jalada limeng'oka, nyuzi zimekatika, kurasa zinaning'inia. Yeye huvifumua, huvisafisha, huvishona upya na kuvivisha jalada. Kitabu ukikifumua utakuta ni vifurushi vya karatasi zilizokunjwa, kimoja juu ya kingine, na mafundi huviita mikunjo. Mkunjo mmoja ukikaa mahali pasipo pake, kitabu chote kimeharibika, hata kama nje kinang'aa.

Mwenye karakana, ambaye kila mtu humwita Mzee Gundi, ana sheria moja anayoirudia asubuhi na jioni: tazama nambari za kurasa kabla ya kushika sindano, na usimwamini hata mama yako mzazi.

Sasa kikaletwa kitabu ambacho panya walikuwa wamekifanyia karamu. Pembe za chini, zilipokuwa nambari, zilikuwa zimeliwa zote. Orodha ya sura ilikuwa imekwenda na jalada la zamani, na sura zenyewe hazikuwa na vichwa, ila picha ndogo ya kiatu juu ya kila mwanzo. Tena kila sura ilikuwa mkunjo wake peke yake, kwa hiyo hapakuwa na hata sentensi moja iliyokatika ya kumwonyesha fundi upi ufuate upi. Mzee Gundi alikitazama, akakohoa, akampelekea Mshale. Akipange kwa kukisoma, alisema, asome mwanzo na mwisho wa kila mkunjo, basi.

Mshale alisoma mwanzo, mwisho na kila kilichokuwa katikati. Mwandishi alikuwa mkimbiaji, na alisimulia maisha yake kwa maneno mepesi kama anaongea na jirani uani. Alieleza mazoezi, akaeleza mimba, akaeleza uchungu wa kuzaa bila kuupamba. Akaeleza viatu vyake vya mbio vilivyokataa kuingia kwenye miguu iliyovimba, na jinsi alivyokaa kitandani navyo mkononi akalia, mtoto naye akilia, wakawa wanapokezana. "Nilijua saa ya kula ya kila mtu ndani ya nyumba," aliandika, "isipokuwa yangu."

Mshale aliacha chakula chake cha mchana kikapoa. Miaka yote hiyo hakuna mtu aliyewahi kumwambia kwamba unaweza kumpenda mwanao kufa na kupona na bado ukajililia mwenyewe. Alidhani ni yeye tu, na kwa kuwa alidhani ni yeye tu, alinyamaza. Siku ile machozi yalimtoka palepale mezani, akayafuta haraka yasidondokee kurasa.

Zilibaki sura mbili. Katika moja, mwandishi anakimbia baada ya kuzaa na anafika wa mwisho kabisa. Katika nyingine anashinda mbio kubwa, mikono juu, watu wanamshangilia. Mshale hakusita. Akaweka ile ya wa mwisho, kisha ushindi juu yake, akashona. Hadithi si huishia mtu anaposhinda? Kulikuwa na jambo dogo ambalo fundi mwenye utulivu angeliona: katika sura ya ushindi mtoto hatajwi hata mara moja. Lakini moyo ukishataka kitu, macho hutii.

Kesho yake, kabla watu hawajaamka, alitafuta viatu vyake vya zamani chini ya kitanda akatoka. Alikimbia hadi kwenye duka la kona, akashika ukuta akihema. Jirani aliyekuwa akifagia alimuuliza ni nani anamfukuza, ili wamsaidie kumkamata. Mshale alicheka pamoja naye, na siku iliyofuata akapita ukuta ule bila kuushika.

Mumewe ni fundi wa kuchomelea vyuma, mtu wa mizaha. Alimtania kwamba mbio za sakafuni huishia ukingoni. Lakini mdomo wake ulikuwa kwingine na mikono kwingine, maana ndiye aliyekuwa akiamka kumchemshia binti yao chai na kumfunga vifungo vya sare. Binti huyo wanamwita Wakili, kwa sababu tangu ajue kusema hajawahi kushindwa kesi. Mama yake alimsimulia kitabu chote jikoni: yule mama alianguka chini, akainuka, mwisho akawa wa kwanza. Na Mshale alipojiandikisha kwenye mbio za mji, Wakili alikwenda darasani akatangaza kwamba mama yake atashinda. Walipombishia, aliwaambia ushahidi upo kitabuni.

Zikiwa zimebaki siku chache, Mzee Gundi alimwita mezani kwake. Maktaba walikuwa wamepata nakala nyingine ya kitabu kile, nzima, nambari zote mahali pake, na walikuwa wamerudisha ile aliyoishona. Mzee hakupandisha sauti. Alizifungua zote mbili, ubavu kwa ubavu.

"Mwanangu," alisema, "huu ushindi ni wa ujanani, kabla hajaolewa. Ameuweka mwanzoni. Kitabu kinaishia hapa." Akaweka kidole kwenye sura ya yule anayefika wa mwisho. "Kifumue ukipange upya."

Mshale alikata nyuzi zake mwenyewe, moja baada ya nyingine, na alihisi aibu mpaka masikioni. Si aibu ya kazi tu. Alikuwa ameamka alfajiri zote zile kwa ajili ya ushindi alioushona kwa mkono wake. Mama wa kitabuni hakushinda tena baada ya kuzaa. Alifika wakati utepe umeshaondolewa, akauvuka mstari ambao haupo, akakaa pembeni mwa barabara akamnyonyesha mwanawe. Ndivyo kitabu kilivyoisha. Hakukuwa na funzo chini yake, wala mtu wa kumpigia makofi.

Nyumbani alisema hakimbii tena.  Mumewe alitoka nje, akachukua vile viatu, akavisugua kwa brashi yake ya vyuma mpaka vikakaribia kutoboka, akavianika juani. Mshale aliviona dirishani, vimetoa ndimi, akashindwa kumkasirikia.

Kwa Wakili ilikuwa kazi nyingine. Mama alimketisha akamweleza ukweli wote, kwamba alikipanga kitabu vibaya, kwamba yule mama alikuwa wa mwisho, na kwamba yeye mwenyewe akienda hatashinda.

"Kwa hiyo ulinidanganya," Wakili alisema.

"Nilijidanganya mimi kwanza."

"Na mimi nimewaambia darasa zima." "Mimi siji huko."

Akaenda kulala bila kumuaga mtu. Mshale alibaki amekaa pale, na maneno yale yalimuuma kuliko goti. Si kwamba ilikuwa ni lazima aende. Angeweza kukaa nyumbani, mambo yakasahaulika, mtoto akasamehe kama watoto wanavyosamehe. Lakini asubuhi ile ya mbio alipiga moyo konde akavaa viatu vilivyosuguliwa, akatoka bila kumwamsha mtu.

Kwenye mstari wa kuanzia, ule ugonjwa wa zamani ulimrudia. Filimbi ilipolia alifyatuka kama bado ni msichana wa shule, akawapita vijana, akasikia mtu akiuliza yule mama ni nani. Sifa hizo zilimlevya kwa dakika chache. Kisha pumzi zikamwishia, goti likaanza kelele, na wote aliowapita wakampita mmoja mmoja, wengine wakimpa pole. Mumewe na msemo wake wa sakafuni, sasa angefurahi.

Barabara ilipita karibu na mtaa wao. Alipofika kwenye duka la kona alisimama, akaushika ule ukuta wa siku ya kwanza. Mbele yake hapakuonekana mkimbiaji hata mmoja, na nyuma gari la kufungulia barabara, lile linalomfuata mkimbiaji wa mwisho, lilikuwa likija taratibu. Upande wa kulia, hatua chache, kulikuwa na mlango wake, kiti na maji baridi. Hakuna aliyekuwa akimngoja upande wa pili. Mtoto alishasema haji.

Pale ukutani aliona jambo moja ambalo hakuliona mezani. Kitabu kilimliza kabla hajaufikia ushindi. Siku ile ya chakula kilichopoa, alikuwa akimlilia mwanamke mwenye viatu mkononi, na ni yule aliyemtoa kitandani. Ushindi aliuongeza mwenyewe, kama mtu anayetia sukari kwenye chai iliyokwisha kuwa na sukari. Mshale aliuachia ukuta. Hakuweza kukimbia vizuri, akawa anatembea kidogo, anachechemea kidogo, anakimbia kidogo.

Alipofika uwanjani viti vilikuwa vikipakiwa kwenye lori. Kipaza sauti kilikuwa kimezimwa. Mahema yalikuwa yamelala chini, na vijana wa zamu walikuwa wakikunja kamba zilizoonyesha njia ya kumalizia. Walikuwa wamezikunja zote, isipokuwa moja, ile iliyolazwa chini kuwa mstari wa mwisho, kwa sababu ilikuwa imekaliwa.

Wakili alikuwa ameikalia katikati kabisa ya mstari, miguu mbele, mikono kifuani, sura ya mtu aliye mahakamani. Kijana mmoja alikuwa amechuchumaa akimbembeleza. Mwingine alikuwa amekwenda kwa baba mtu kushtaki, na baba alikuwa ameinua mabega tu, kwamba yeye hana mamlaka hapo.

"Mbio zimekwisha, mdogo wangu," kijana alikuwa akisema.

"Hazijaisha," Wakili alijibu. "Mama yangu bado yuko njiani."

Mshale alisikia hivyo akiwa bado mbali, akakimbia. Goti litake lisitake, alikimbia. Hakuwa Mshale tena, alikuwa mama mzito anayehema kwa kelele, na mwanawe hakumwinukia wala hakumpungia mkono. Alimkazia macho mpaka miguu yote miwili ilipovuka kamba.

Ndipo Wakili alipoinuka. Akajipangusa vumbi nyuma, akamgeukia yule kijana.

"Haya," alisema, "sasa kunjeni."