Anko na Mtihani wa Moyo

Anko wangu hubeba miraa na pickup kutoka mji wa Maua. Moyo wake umeanza kurukaruka, na siku moja akaona giza akiwa kwa stering. Hospitali wakamfunga kamashine kifuani kwa siku moja, kaandike mapigo yake.

Juzi tukaenda kuchukua majibu. Daktari akasema hakuona shida. Anko akanigonga bega: "Si nilikuambia? Nimepita!"

"Ngoja mzee," daktari akamuuliza. "Hiyo siku ulifanya nini?"

"Nililala tu, daktari. Sikutafuna miraa, sikuendesha gari. Sikutaka mashine inipate vibaya."

Daktari akaweka kalamu chini, akafunga macho. Mimi nilitaka kupiga nduru. Nyumba tunafagia mgeni akikuja, sawa, lakini sasa ugonjwa tunamficha mwenye tumemwendea autafute!

Akafungwa tena. "Leo uishi vile unaishi kila siku," daktari akamwambia, akininyooshea kidole. "Lakini gari aendeshe huyu."

Anko akaniangalia kutoka juu mpaka chini. "Huyu? Daktari, huyu akishika stering, moyo utaruka mpaka hii mashine ipasuke."

Sawa basi. Angalau mara hii daktari atapata kitu ya kusoma.