Hodi ya Tatu

Nilitoka nyumbani Kitale nikiwa na umri wa miaka kumi na tisa na cheo cha mzee. Msomaji wa huku kwetu atacheka, na ana haki. Katika kanisa letu, ambalo wengi hulijua kwa jina la Wamormoni, kijana anayetumwa kuhubiri kwa miaka miwili huitwa Mzee, na neno hilo huandikwa kwenye beji nyeusi anayovaa kifuani. Mimi nilitumwa Pwani ya kusini. Nilikwenda kwa sababu nilisali nikaona siwezi kubaki, na sababu nyingine sina.

Baba alikuwa mzee wa kanisa jingine, na cheo hicho alikipata mvi zikiwa zimeshamwota. Asubuhi niliyoondoka alikuwa ghalani akipukuchua mahindi. Hakusimama.

"Nenda, mzee usiye na ndevu," alisema. "Ila ukirudi hapa, utabisha kama mgeni."

Mama alinifungia viazi vitamu kwenye kitambaa, akanisindikiza hadi barabarani. Nilikuwa na hasira, na chini ya hasira kulikuwa na hofu kwamba baba hatasema nami tena.

Nairobi, kisha reli, kisha Mombasa. Kivukoni Likoni nilisimama katikati ya watu na mabegi yangu mawili, na tangu hapo siku ile naikumbuka kama ndoto ya mchana. Kila kitu kilionekana wazi, ila hakuna kilichokuwa na haraka. Ukunda nilimkuta mwenzangu, maana sisi hutembea wawili wawili. Aliitwa Mzee Tavita, kijana wa Samoa, mkubwa wa mwili na mpole, na Kiswahili alikuwa amejifunza vitabuni. Tukipishana na mtu mzima, Tavita aliinamisha kichwa na kusema, "Shikamoo." Mimi, Mkenya wa kuzaliwa, nilisema, "Sasa?" Watu walimjibu yeye.

Msambweni, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, ndipo siku yetu ilipoanza. Tulisali, tukasoma, tukapiga pasi mashati meupe ambayo kufikia saa nne yalikuwa yamelowa jasho. Kisha tulipanda baiskeli kwenda kuwatembelea waumini wetu wachache, kuwalimia, kuwasomesha watoto wao. Bahari ilitufuata kila tulikokwenda, ikimeta kati ya minazi, na kanuni zetu hazikuturuhusu kuogelea. Mimi sikujali, mtu wa mahindi. Tavita alizaliwa kisiwani. Mara nyingine alivua viatu, akaacha maji yafike kwenye vidole vya miguu, akasimama hivyo kwa muda mrefu huku amefumba macho. Sikuwahi kumharakisha.

Munje, alasiri moja katika juma langu la tatu, tulikuwa tukimtafuta muumini wetu aliyehamia huko. Tuliagizwa tusiwahubirie Waislamu, kwa hiyo nilitaka kuhakikisha nyumba. Nikapiga hodi. Kimya. Nikapiga tena, na tena, na ya nne, na ya tano. Nikagonga mlango kwa ngumi. Tavita alinivuta shati, lakini nilikuwa nimeshafika dirishani, nimesogeza pazia, ninachungulia.

Mlango ukafunguliwa. Alitoka mama mmoja wa makamo, ushungi kichwani, ametulia kwa namna iliyonitisha kuliko kelele. Baadaye tulimjua kwa jina la Bi Mwanasiti.

"Mwanangu, wewe ni askari?"

"Hapana, mama."

"Basi hodi zote hizi ni za nini? Hodi ni tatu. Ya kwanza nisikie. Ya pili nijistiri. Ya tatu nikuitike, ama ninyamaze. Nikinyamaza, uende zako na moyo mweupe. Nilikuwa ninaswali, na mwenye kuswali haitiki." Akaisoma beji yangu polepole. "Mzee! Mzee gani huyu mwenye kuchungulia madirisha ya watu?"

"Shikamoo, mama," alisema Tavita. "Tuwie radhi."

"Marahaba, mwanangu." Akanielekezea kidole, akamwuliza yeye, "Huyu mgeni umemtoa wapi?"

Kumbe nyumba haikuwa ya muumini wetu. Hata hivyo alitukaribisha ndani. Nilijikaza nikamweleza kwamba haturuhusiwi kuingia kwa mwanamke aliye peke yake. Nilitarajia kukaripiwa mara ya pili.

"Hata kwetu si adabu," alisema, akatabasamu. "Nilikuwa ninakupima."

Alitandika mkeka barazani, akaleta chai ya tangawizi. Tukamwambia chai pia hatunywi, kanisa letu limeikataza.

"Ndani hamuingii, chai hamnywi! Mwaishije nyinyi?"

Akatuangulia madafu. Bi Mwanasiti alikuwa fundi wa kushona makuti ya kuezekea, na rundo lake lilikuwa pale pembeni. Tavita, bila kuombwa, aliokota kuti akaanza kulikunja kwenye ufito kama wafanyavyo kwao. Mama yule alimtazama mikono, akamsogezea kamba. Tangu siku hiyo, kila Alhamisi tulikwenda kumsaidia kushona. Tavita alishona, mimi niliharibu.

Kikoneni, mvua za masika zilipopita, tulipanda kwenye vilima kumlimia mjane mmoja. Mahindi mabichi yalinukia, na harufu ile ilinirudisha nyumbani ghafla hata nikaketi chini na jembe langu. Kila Jumatatu tuliruhusiwa kupiga simu. Nilimpigia mama, nikamsimulia habari za makuti, na chai niliyoikataa, na uji wa mtama niliokuwa nikiuota. Nyuma ya sauti yake nilisikia redio ya baba. Sauti ya baba sikuisikia hata mara moja.

Alhamisi iliyofuata nilimweleza Bi Mwanasiti.

"Simu ni ya nani?" aliuliza.

"Ya mama."

"Baba hana yake?"

"Anayo."

Akavuta kamba, akaifunga kwa meno. "Basi hujampigia hodi hata moja, mwanangu. Wachungulia dirishani tu."

Iliniuma, kwa kuwa ilikuwa kweli. Jumatatu nilimpigia baba. Simu iliita mpaka ikakatika. Jumatatu ya pili aliipokea. Nikasikia redio, nikasikia pumzi yake, nikasema, "Baba, ni mimi." Akakata. Ya tatu sikupiga. Niliogopa, maana baada ya hapo ningelazimika kwenda zangu. Nikaiweka akiba.

Diani, mwisho wa miaka yake miwili, nilimuaga Tavita. Aliondoka na mchanga ndani ya viatu, akakataa kuukung'uta. Miezi mingi baadaye zamu yangu ilifika. Bi Mwanasiti alinishika mkono na kuniambia, "Nenda kabishe."

Kitale, saa kumi jioni. Beji ilikuwa mfukoni, muda wake umekwisha. Mlango wa nyumba yetu ulikuwa wazi, kama siku zote, na redio ilikuwa ikisema. Zamani ningeingia tu. Nilisimama nje, begi mkononi, nikijua kwamba nikikosa jibu nitakwenda kwa shangazi, na nitakwenda bila kinyongo. Hilo ndilo nililojifunza Pwani kwa miaka miwili. Mlango wa mtu ni wake, nami kazi yangu ni kubisha nionekane, kisha kungoja.

"Hodi," nilisema.

Redio ikazimwa. Nilisikia mama akisogeza kiti, na baba akimwambia, "Kaa." Kisha kimya kirefu. Nilikuwa nimeshageuka, hatua moja, ya pili.

"We, Simiyu!" Baba alikuwa mlangoni, amekonda kuliko nilivyomwacha. "Tangu lini mtu anabisha hodi kwao?"

"Shikamoo, baba."

Kwetu hatuamkiani hivyo. Akaja akanipokonya begi.

"Ingia, mzee," alisema. "Chai najua hunywi. Uji wa mtama upo."