Kilomita Tisa Kando ya Luapula

Donat Kabamba alikuwa na miezi minane bila kupanda baiskeli, ingawa mikono yake ilizishika kila siku. Kibanda chake cha ufundi kiko Katuba, mjini Lubumbashi, kando ya ukuta wa shule: meza ya mbao, pampu, na beseni la maji la kutafutia matundu ya mipira. Babu yake alitoka kaskazini mwa Katanga kuja kufanya kazi ya reli, na tangu hapo ukoo mzima ukawa watu wa spana. Donat na mdogo wake Faustin walichagua baiskeli. Jumapili baada ya misa walitoka pamoja kufanya mazoezi kwenye barabara ya Likasi. Huko ndiko lori lilikomgonga Faustin, mwezi wa kumi na moja, mvua zikianza, mita thelathini nyuma ya kaka yake.

Kwenye matanga watu walilia, Donat akapanga viti. Akatafuta turubai, akaenda kuchota maji. "Donat ni mwanaume," walisema. Haukuwa uanaume. Hakusikia kitu, basi. Alikula kwa sababu chakula kiliwekwa mbele yake. Usingizi ulimjia vizuri, na hilo lilimtia aibu.

Mwezi wa saba, Merdi, mwanamke wa mtaa wake aliyeanzisha safari za likizo kwenye mto Luapula, alimwomba awe fundi wa safari. Siku nne, mashua na baiskeli, wateja saba, wengi wao wa Golf, mtaa wa matajiri.

"Papa Donat, hautapanda kinga hata moja," Merdi alimwahidi, maana alijua hapandi tena baiskeli. Naye alikuwa amefika kwenye matanga. "Weye utakaa mu bato na bintu byako bya kazi."

Kabla Donat hajajibu, mke wake Virginie alikuwa ameshaanza kumfungia begi.

Siku ya pili ya safari, wateja waliondoka saa moja asubuhi kwa baiskeli, wakifuata njia ya udongo kando ya mto kuelekea kijiji kilichoko kilomita kumi na nane mbele. Mashua iliteremka na maji polepole ili iwangojee huko. Donat alikaa karibu na injini. Ng'ambo ilikuwa Zambia. Wanawake walifua nguo kule kama wanawake wa huku. Ngosa, nahodha, alimwonyesha viboko wawili wamezama hadi puani. Donat aliwatazama, akasema ndiyo, ni viboko.

Saa nne na nusu wateja walifika kijijini, wekundu kwa vumbi, wakicheka. Walikuwa sita.

"Léa iko wapi?" Merdi aliuliza.

Fimbo ilikuwa imeingia kwenye gurudumu lake la nyuma, wakamwambia, na spoki zimekatika hovyo. Amebaki nusu ya njia, kwenye kanisa dogo la udongo. Simu zilishika mtandao wa Zambia tu. Ngosa alitikisa kichwa: kule hakuna mahali pa kufungia mashua, ni matete matupu, na saa nane na nusu ni lazima waondoke ili wafike mji wa Kasenga kabla ya giza.

Merdi alichukua gurudumu la akiba. "Nitaenda miye, papa. Unionyeshe tu vile banafungaka."

Donat alimtazama akilishika gurudumu kinyume, meno ya mnyororo upande usio wake. "Lete kinga," alisema.

Alifunga gurudumu mgongoni kwa kamba ya mpira, akapanda. Alingoja woga. Miezi minane alikuwa ameuogopa woga huo kama mtu anavyoogopa mbwa wa jirani. Alikanyaga pedali, akapita nyumba ya mwisho, akapita wanaume wanaosukuma baiskeli zenye mifuko ya samaki wakavu, na woga haukuja. Kwenye kona moja lori la mahindi lilitokea. Alishuka, akasimama majanini, likapita. Vumbi lilipotulia alipangusa usukani wa baiskeli. Hata hapo woga haukuja. Alisimama pale kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika, kisha akapanda tena.

Léa alikuwa ameketi kivulini mwa kanisa, akila muhogo aliopewa na mke wa katekista. Alikuwa na miaka thelathini na kitu, mfanyakazi wa benki.

"Papa, nilizani mumenisahau!"

"Hapana, mama."

Donat alitoa gurudumu bovu, akavisha zima, akakaza. Léa alimwangalia akiuliza hili na lile: kazi ameanza lini, alifundishwa na nani, anapanda na nani. Donat alijibu bila kuinua kichwa. Kwa swali la mwisho alisema:

"Na mudogo yangu. Alikufa mu novemba, ku barabara ya Likasi. Miye nilikuwa mbele. Alikuwa anachoka. Nilimupigia kelele: 'Faustin, fwata! Unachelewa!' Njo akakanyaga nguvu, akatoka pembeni, akaingia mu katikati ya barabara. Kisha nikasikia mulio."

Maneno hayo hakuwa amemwambia mtu yeyote. Yalitoka kwa sauti ileile ya kusema mnyororo umelegea. Léa aliacha kutafuna. Alisema tu, "Tuende polepole, papa. Pita mbele."

"Hapana. Miye nyuma."

Kilomita tisa alipanda nyuma yake, macho kwenye gurudumu. Léa alipopunguza mwendo naye alipunguza; aliposimama kunywa maji, naye alisimama. Hakumwambia afanye haraka. Saa nane walifika, watu wakapiga makofi, Ngosa akawasha injini. Merdi alimpa sahani ya bukari, ugali wa huko, na samaki. Alikula yote, akarudisha sahani.

Aliporudi Katuba, alimweleza Virginie siku ile, na yale aliyosema kanisani. Virginie aliweka chini sombe, majani ya muhogo aliyokuwa akichambua.

"Ulimuambia muntu wa Golf mbele ya kuniambia miye?"

"Hakumujuaka Faustin," Donat alisema. "Ilikuwa mwepesi."

Virginie alisogeza kiti chake karibu. "Sasa unielezee na miye. Kuanzia asubuhi ile."

Alieleza. Virginie alilia, yeye hakulia.

Machozi yalimjia mwezi wa tisa, Jumanne moja, akiziba tundu la mpira wa mteja, bila jambo lolote kutokea. Mteja alikuwa mwalimu wa ile shule ya jirani. Aligeuza ndoo, akaketi juu yake, akangoja.