Waliotaja Makala Yangu

Kuna Jumamosi moja, mwanangu, ambayo ikinijia mpaka leo naacha ninachofanya. Wakati huo niliishi na wazazi wangu Buruburu, katika nyumba ile ile niliyokulia, na nilikuwa na umri kama wako. Nilikuwa mbishi. Kanisani nilihoji, nyumbani nilihoji, na chuoni wahadhiri wenzangu wakiniona nikiinua mkono walishusha pumzi. Kitu kimoja tu sikuwahi kukihoji: namba yangu.

Unaijua namba hiyo, maana najua nawe huichungulia yako kwenye simu kabla hujapiga mswaki. Ni idadi ya watafiti waliotaja kazi yako katika kazi zao. Makala yangu kuhusu sumu ya madini ya risasi katika mboga ya sukuma wiki inayolimwa kando ya mto, kule Mukuru kwa Njenga, yalikuwa yametajwa mara sabini na moja. Tena si na wanakemia wenzangu pekee. Kulikuwa na wataalamu wa udongo, wahandisi wa maji, hata madaktari wa watoto. Jumatatu ningewasilisha maombi ya kupandishwa cheo, na namba hiyo ndiyo ingenibeba.

Basi nikaenda kumringia Mzee Wafula. Alikuwa jirani yetu, fundi wa maabara aliyestaafu. Aliwafundisha maprofesa wengi kupima, lakini jina lake lilikuwa likiandikwa mwishoni tu, kwenye shukrani. Nilimkuta uani akimenya njugu, redio ikiimba chini chini. Nyua zile zilikuwa na utulivu, mwanangu. Siku hizi, kwa maduka yaliyojengwa mbele ya kila geti, siupati tena.

“Sabini na moja!” akasema. “Daktari, sasa itabidi tukusalimie tukiwa tumesimama. Na walisema nini?”

“Nani?”

“Hao sabini na moja.”

“Mzee, hakuna anayewasoma wote. Wanahesabiwa tu.”

“Kumbe ni kura!” Akacheka mpaka njugu zikamwagika. “Hebu nisomee hao madaktari. Hao huandika mgonjwa akiwa mbele yao.”

Nikafungua simu kwa kiburi. Madaktari wale walikuwa wamewashauri wahudumu wa kliniki kwamba sukuma ya mto ule ni salama kwa watoto wanaoanza kula. Ushahidi wao ulikuwa mmoja: mimi.

Niliishia hapo kusoma. Nilikuwa nimechuma sampuli ishirini. Tatu kati yake, zote za shamba lililo karibu na bomba la kiwanda, zilitoa vipimo vya juu mno, vikaharibu mchoro wangu wa takwimu. Nikajiambia chupa zilikuwa chafu, nikaziacha. Sikupima tena, wala sikuandika popote kwamba nimeziacha.

Mzee, aliyewaona watafiti wengi wakitupa vipimo visivyowapendeza, aliweka njugu chini. “Ulitupa ngapi?”

“Tatu.”

“Chupa aliziosha nani?”

“Mimi mwenyewe.”

“Na nilikufundisha mimi. Basi hazikuwa chafu.”

Akaendelea kumenya njugu zake.

Jumatatu sikupeleka maombi. Nilirudi Mukuru nikachuma tena shamba lile, na Mzee akaja maabara kunisaidia, akilalamika kwamba siku hizi hatujui hata kukausha vyombo. Vipimo vilitoka juu vile vile. Nikaandika masahihisho kwa jarida lililochapisha makala yangu, nikawaandikia madaktari, kisha nikaenda kwa mama mwenye shamba kumweleza ana kwa ana. Aliniuliza, “Na muda huu wote ulikuwa wapi?”

Cheo kilichelewa miaka minne. Masahihisho yale yametajwa mara sita, na wote sita nimewasoma.

Nakuusia hivi, mwanangu: kabla ya kujivunia waliokutaja, wasome. Angalia wanafanya nini na neno lako, hasa walio nje ya fani yako, kwa sababu hao hawana namna ya kukukagua, wanakuamini tu. Kipimo kinachokuharibia mchoro kiandike, halafu ukapime tena. Na fundi aliyesimama nawe maabara, jina lake liweke juu, karibu na lako. Mimi nilichelewa kufanya hivyo. Mzee alifariki kabla sijaliweka.

Nenda, mwanangu. Mungu akupe jicho lisiloogopa matokeo yako mwenyewe, na mtu wa karibu wa kukuuliza usichopenda kuulizwa.